Kamera ya Dukani: Je, Kompyuta Imehifadhi Kilichoonekana?

NDUGU msomaji, yupo mfanyakazi wa Mpanda mjini, wa Tabora au hata wa Dar es Salaam ambaye akiba yake ya miaka mingi haiko benki. Iko kijijini kwao, katika duka na ghala dogo la nafaka. Tuseme kwao ni Kabungu, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mkoa unaolima mahindi, mpunga na tumbaku. Mwenye mali yuko kazini; funguo ziko mikononi mwa mdogo wake, au mpwa wake, au shemeji. Kila mwisho wa mwezi magunia huhesabiwa. Siku moja hesabu inakataa: yamepungua magunia matatu, na hapana anayejua yamekwendaje. Hakuna maneno mazito yanayosemwa siku hiyo, lakini chakula cha jioni huliwa kimyakimya, na kabla mwenye mali hajapanda basi la kurudi kazini amekwisha kuamua moyoni kwamba atafunga kamera.

Huyo ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo. Uamuzi wake si mbaya. Ila aghalabu watu hufikiri kwamba kazi imekwisha pale kamera inapopigiliwa ukutani na picha kutokea kwenye kioo, ilhali hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Picha ionekanayo sasa ni sawa na dirisha, na mwizi hangoji mpaka wewe uchungulie. Kinachotakiwa ni kumbukumbu: picha ya jana, ya juma lililopita, ya usiku ule mmoja, iliyohifadhiwa mahali salama na kuandikwa saa yake ya kweli. Tena kumbukumbu yenye kasoro ni ya hatari kuliko kutokuwa na kamera kabisa, kwani asiye na kamera huuliza na kusikiliza, lakini mwenye picha huhukumu.

Wazo la kuilinda nyumba kwa kamera lina historia yake. Ni kweli kwamba mwaka 1942 Wajerumani walitumia kamera za televisheni kule Peenemünde kutazama roketi zao zikirushwa. Lakini aliyeileta kamera mlangoni pa nyumba ya kawaida ni mama mmoja muuguzi, Marie Van Brittan Brown, wa Queens katika jiji la New York. Yeye na mumewe walifanya kazi kwa saa zisizolingana, hivyo mara nyingi alibaki peke yake usiku, na polisi wa mtaani kwake walikuwa hawafiki upesi. Mwaka 1966 yeye na mumewe, Albert, aliyekuwa fundi wa vyombo vya elektroniki, waliomba hataza ya uvumbuzi wao, nao wakapewa mwezi Desemba 1969. Wakati huo huku kwetu Bara hata televisheni ya kutazama mpira ilikuwa bado. Ilianza mwaka 1994.

Kompyuta nayo iliingia katika shughuli hii kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1991 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kupanda ngazi na kulikuta birika la kahawa tupu, basi wakalielekezea kamera iliyounganishwa na kompyuta ili kila mtu alione birika akiwa mezani pake. Miaka kumi hivi baadaye, Philip Coombes aliibiwa zana zake gerejini, akaanza kuandika programu ya kompyuta ya kunasa na kuhifadhi picha za kamera. Ndiyo ZoneMinder, ambayo hadi leo hutolewa bure kwa yeyote. Nayataja haya ili usidhani kwamba jambo hili ni la mabenki na mabalozi tu. Muuguzi aliyeogopa usiku na mtu aliyeibiwa zana wana habari moja na mwenye duka la Kabungu.

KISANDUKU AU KOMPYUTA

Madukani utaonyeshwa kwanza kile kisanduku ambacho mafundi hukiita DVR au NVR. Kina sifa zake: hula umeme mdogo, na mtu asiyejua kompyuta anaweza kukitumia. Lakini kikifa hufa chote, na mara nyingi picha zilizomo katika diski yake zimeandikwa kwa namna ambayo kompyuta ya kawaida haiwezi kuzisoma. Kompyuta hutengenezeka kipande kwa kipande. Ikiungua sehemu ya kugawa umeme, hiyo hubadilishwa; diski ikichoka, hununuliwa nyingine; na fundi wa kompyuta wa Mpanda mjini anaijua hata kama hajapata kuigusa kamera. Kwa mtu aliye mbali na maduka makubwa, naona hoja hii ya mwisho inazizidi nyingine zote.

Si lazima iwe kompyuta mpya. Kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 8, yatosha kwa kamera nne. Itie diski mbili. Moja ndogo na ya kasi ibebe mfumo wa kompyuta na programu ya kunasa. Ya pili, kubwa, ibebe picha peke yake. Ukivichanganya vyote katika diski moja, siku picha zitakapoijaza, kompyuta yenyewe itakwama na haitaweza hata kuwaka. Hiyo kubwa iwe ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, maana diski ya kawaida ya mezani haikuumbwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika. Jihadhari pia na vile vidiski vya kuchomeka vinavyouzwa kwa bei ya kutupa na kuandikwa terabaiti nyingi. Vingi ni vya bandia: hupokea picha nyingi kuliko nafasi zilizomo, halafu ukizitafuta huzioni.

Kwa kamera, chukua zile za mtandao ambazo waya mmoja hupeleka umeme na kurudisha picha. Mafundi huuita utaratibu huo PoE. Hakikisha zinajua lugha ya pamoja iitwayo ONVIF, iliyoanzishwa mwaka 2008 na makampuni ya Axis, Bosch na Sony. Kamera inayoijua lugha hiyo huweza kuzungumza na programu ya kampuni nyingine, nawe hutafungwa na muuzaji mmoja. Waya kutoka kamera hadi swichi usizidi meta 100, na uwe wa shaba tupu. Upo waya wa alumini uliopakwa shaba juu, bei yake nafuu, nao ndio mama wa matatizo mengi tutakayoyaona mbele.

Ama mahali pa kuzifunga, nimekwisha kuona kamera nyingi zimepandishwa hadi chini ya paa, ati zisifikiwe na mikono. Kutoka huko huona kofia na vilemba. Mlango wa kuingilia unataka kamera iliyo kimo cha meta mbili na nusu hivi, ielekee uso wa anayeingia, na jua la asubuhi au la jioni lisiipige machoni. Moja nyingine itazame meza ya fedha, ya tatu mlango wa ghala kwa ndani, ya nne uani. Zaidi ya hapo, kwa duka dogo, ni anasa.

DISKI HUKUMBUKA SIKU NGAPI?

Hapa nakuomba, ndugu msomaji, uchukue kalamu. Kamera moja yenye picha safi huweza kutoa megabiti 4 kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Ukizidisha, kisha ukagawa kwa 8 ili kupata baiti, utaona kwamba kamera hiyo hujaza gigabaiti 43 na ushei kwa siku. Kamera nne zitajaza karibu gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 2, ambayo kwa ukarimu tuihesabu kuwa gigabaiti 2,000, itajaa katika siku kumi na moja na nusu. Ikijaa, programu hufuta za zamani ili kuandika mpya, na ndivyo inavyopaswa kufanya.

Sasa rudi kwenye magunia. Wewe huyahesabu kila mwisho wa mwezi. Gunia likiondoka tarehe 5, utagundua tarehe 30, na picha ya tarehe 5 imekwisha kufutwa wiki mbili zilizopita. Kamera ilifanya kazi, kompyuta ilifanya kazi, diski ilifanya kazi, na hata hivyo huna kitu. Kwa hiyo kabla ya kununua diski jiulize: tunahesabu mali kila baada ya siku ngapi? Kumbukumbu ipite muda huo kwa juma moja au mawili. Ukitumia ufinyazi wa picha wa kisasa, ule unaoitwa H.265, na kuiteremsha kila kamera hadi megabiti 2, kamera nne zitakula gigabaiti 86 na ushei kwa siku. Diski ya terabaiti 4 itakuwekea siku 46. Au fanya jambo lisilo na gharama: hesabuni magunia kila Jumamosi.

Wapo watakaokushauri uiamuru kompyuta inase pale tu panapotokea mtikisiko, ili kuokoa nafasi. Sikubaliani nao, walau kwa mlango wa ghala. Usiku taa za kamera zisizoonekana kwa macho huwavuta wadudu, buibui hutanda utando mbele ya kioo, na kila upepo ukivuma utando humeta kama moto. Kompyuta itanasa buibui usiku kucha. Mvua za kwanza zikianza, kumbikumbi wataimaliza diski. Halafu mtu anayetembea polepole katika kona yenye giza huenda asihesabiwe kuwa ni mtikisiko. Heri picha ya kawaida inayoendelea muda wote. Kila juma kijana na apande na kitambaa laini afute vioo.

UMEME

Katika miji na vijiji vyetu umeme hukatika, na hilo kila mtu alijua. Wengi wasilolijua ni kwamba kompyuta nyingi, umeme ukirudi, hubaki zimezimika mpaka mtu abonyeze kitufe. Usiku ule uliokatika kwa dakika tano saa moja jioni huwa ni usiku mzima bila picha. Ingia katika mipangilio ya awali ya kompyuta, ile inayofunguka kabla mfumo haujawaka, utafute amri inayosema kompyuta ijiwashe umeme unaporejea. Kisha ufanye jaribio: chomoa waya ukutani, hesabu hadi sitini, rudisha, usiguse kitu. Baada ya dakika chache programu ya kunasa inapaswa kuwa inaandika yenyewe. Ikiwa kompyuta imewaka lakini imesimama kwenye ukurasa wa kuomba neno la siri, basi programu imepangwa vibaya. Inatakiwa ianze pamoja na mfumo, bila kumngojea mtu. Hali hiyohiyo hutokea kompyuta inapojisasisha usiku na kujizima ili iwake upya.

Kompyuta ya wastani, swichi na kamera nne kwa pamoja hula kiasi cha wati 100. Betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itavibeba kwa saa tano hivi pamoja na inveta. Mwenye sola ana nafuu zaidi. Wengine hutumia kompyuta ndogo ya mapajani kwa kuwa ina betri yake ndani. Ni akili nzuri kwa muda, ila betri ya namna hiyo ikichajiwa mfululizo katika joto chini ya bati huvimba. Itazame kila mwezi.

Radi haina mzaha. Waya mrefu wa shaba unaotoka dukani kwenda ghala la ng'ambo ya ua ni mkono ulionyooshwa kuipokea. Weka vikinga-radi katika ncha zake, vifungwe kwenye waya wa ardhini uliofukiwa sawasawa na fundi wa umeme. Kama majengo yako mbalimbali, unganisha kwa mawimbi ya hewani au kwa waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme.

SAA ISEMAYO UONGO

Nitakaa hapa kidogo, kwani hili ndilo linalovunja nyumba za watu.

Kamera na visanduku vingi vya kunasia hutengenezwa China, na huja vimepangwa kwa saa za huko. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Sasa tuseme mdogo wako amefunga duka. Saa nne usiku anapigiwa simu na mteja aliyekwisha kulipa. Anafungua ghala, anatoa gunia moja, analikabidhi, na kuandika katika daftari: Jumanne, saa nne usiku, gunia moja. Kamera inaandika juu ya picha ileile: Jumatano, 03:00. Wewe uko Dar es Salaam. Unaletewa picha ya ndugu yako akitoka na gunia saa tisa za usiku wa manane. Unampigia simu na kumwuliza, bila kumweleza ulichokiona, alikuwa wapi usiku wa Jumatano saa tisa. Anajibu kwamba alikuwa amelala. Anasema kweli tupu, na kwa kusema kweli amejitia kitanzi.

Balaa la pili ni letu wenyewe. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo, na saa za mashine huanzia usiku wa manane; tofauti ni saa sita. Fundi akiirekebisha saa ya kompyuta kwa kuangalia saa ya ukutani ya bibi, akaandika 4:00 kwa maana ya saa nne asubuhi, kumbukumbu yote itakuwa nyuma kwa saa sita. Na mlinzi akiandika daftarini «saa 10» kwa maana ya alfajiri, msomaji wa mjini ataelewa ni kabla ya mchana. Amueni neno moja nyumbani, na katika daftari andikeni «usiku», «alfajiri», «asubuhi» pembeni mwa kila saa.

Kuna njia rahisi ya kuitega saa isemayo uongo: tafuta katika kumbukumbu dakika ambayo jua lilichomoza. Kwetu huku, karibu na ikweta, macheo hayapishani sana mwaka mzima. Ukikuta uani kunapambazuka saa 11:30 kwa hesabu ya mashine, ujue ziko saa tano za ziada. Kisha ingia katika mpangilio wa kila kamera, si wa kompyuta pekee, uweke saa za Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya zile za Greenwich, na uziamuru kamera zote zichukue saa kutoka kwa kompyuta hiyo moja. Kompyuta nayo ichukue saa kutoka mtandaoni kila inapoupata. Ikiwa kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka kumi nyuma, ndani ya kompyuta kuna betri ndogo mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, nayo imekwisha nguvu. Ni kitu cha bei ndogo sana, na wengi wamenunua kompyuta nyingine kwa ajili yake.

FUATA NJIA YA PICHA

Picha ikikosekana usianze kufungua kila kitu. Ifuate njia yake: kamera, waya, swichi, kompyuta, programu, diski. Ukitaka kujua ugonjwa uko upande gani, badilishana. Peleka kamera iliyokufa mahali pa iliyo hai, kwa waya wa iliyo hai. Ikifufuka, mgonjwa ni waya au tundu la swichi. Isipofufuka, mgonjwa ni kamera. Dakika kumi tu, bila kipimo chochote.

Kamera inayofanya kazi mchana na kuzima giza linapoingia haijarogwa. Giza likiingia huwasha taa zake, hutaka umeme zaidi, na waya ule wa alumini unashindwa kuufikisha. Kamera mbili zinazopokezana, hii ikionekana ile inapotea, huenda zimepewa anwani moja ya mtandao. Ipe kila moja anwani yake na kuiandika kwa rangi kwenye kifuniko. Picha inayoonekana nzuri lakini haisogei ni hadaa iliyo mbaya zaidi, maana mtu hupita mbele ya kioo mara ishirini na kuridhika. Ndiyo sababu sekunde zinazohesabika pembeni mwa picha ziachwe zionekane, na mtu azitazame hizo. Na kama kila kitu ni kizima ila kumbukumbu ina mapengo, isikilize diski: mlio wa kugonga-gonga ni kilio cha diski inayokufa. Programu za kuipima hali yake zipo bure. Usingoje.

Ila uchunguzi ulio bora haungoji hitilafu. Kila Jumamosi, baada ya kuhesabu magunia, mtu mmoja aliyeteuliwa afungue kumbukumbu, achague saa yoyote ya Jumatano usiku, achezeshe dakika mbili kwa kila kamera, kisha aandike daftarini alichokiona na jina lake. Kucheza picha ya nyuma ndiyo hoja. Kutazama picha ya sasa hakuthibitishi kitu.

Watu wengi hutaka waone duka kutoka mjini kwa simu. Inawezekana, lakini kumbuka kifurushi. Picha hafifu ya nusu megabiti kwa sekunde hula megabaiti 225 kwa saa moja, na hiyo ni kamera moja. Tazama kwa dakika, usitazame kama sinema. Na kabla ya kuufungulia mtandao mlango, badilisha maneno ya siri yaliyokuja na kamera kutoka kiwandani. Mwaka 2016 wahalifu walitumia programu iitwayo Mirai kuziteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo wakazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, hata tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki. Wenye kamera hizo hawakuwa na habari.

WANAOPIGWA PICHA

Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume yake, ambayo wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwayo; mwenye duka na aulize mapema. Bandika tangazo mlangoni kwa Kiswahili kinachosomeka. Kamera isielekee chumba cha kulala, bafuni wala uani kwa jirani.

Lakini kabla ya sheria kuna ndugu. Mdogo wako asiikute kamera ukutani kama mtego. Kaa naye, mweleze mbele ya wazee kama ndivyo mlivyozoea, mwonyeshe inavyoona na isivyoona, na umpe haki ya kuzichezesha kumbukumbu kama wewe. Kumbukumbu hiyo ni ngao yake pia. Siku mteja atakapodai kwamba alilipa na hakupewa gunia, ni nani atakayeihitaji picha kuliko aliye dukani? Akijua hivyo, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupigia simu kwamba kamera ya ghala imezima. Asipojua, haitamuuma ikizima.

Ikiwa wizi umetokea kweli, usianze kwa kuisambaza picha katika makundi ya simu. Zima kwanza amri ya kufuta picha za zamani, ili ushahidi usifutwe wakati mnajadiliana. Nakili sehemu inayohusika, pamoja na nusu saa kabla na nusu saa baada, katika vidiski viwili. Linganisha saa ya kompyuta na saa ya simu, uandike tofauti hata kama ni ya dakika mbili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 18, inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, na miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni kama mfumo uliouhifadhi ulikuwa ukifanya kazi sawasawa wakati huo. Hapo ndipo lile daftari la kila Jumamosi litakapoulizwa. Kidiski kimoja peleka kituo cha polisi pamoja na taarifa yako, na uombe uandikiwe kwamba kimepokewa. Cha pili kibaki kwako, kimefungwa katika bahasha yenye tarehe na sahihi za watu wawili. Diski yenyewe ya kompyuta usiifute wala kuitumia tena mpaka shauri liishe. Nunua nyingine ya kuendelea nayo.

Juma lijalo, tukijaliwa, ukurasa huu utazungumzia nyaya za umeme katika nyumba za kupanga, na namna ya kuutambua uungaji unaoweza kuwasha moto.